Sayyid Khalifa bin Harub na Chuo cha Tudor

Twapenda kuwaeleza ndugu zetu wasomaji sababu iliyotufanya tuandike khabari za mtu huyu, ambaye wazee wetu wengi walimwona kwa macho yao, na vijana wetu hawamjui ila kwa jina.

Tulipokuwa safarini Nairobi tulialikwa Kibera, katika mtaa wa Makina, kwenye darsa ya baina ya magharibi na isha. Baada ya sala tuliketi na vijana, baadhi yao wenyeji wa hapo hapo na baadhi wamekuja kwa miguu kutoka Kawangware. Wengi wao ni wanafunzi wa chuo kidogo kinachofundisha masomo ya juu chini ya kivuli cha chuo kikuu kingine. Mmoja wao alitueleza kuwa alikwenda kutaka kazi, akatoa cheti chake, na mwenye kazi akakigeuza upande huu na upande huu, akauliza chuo hiki ni cha nani na nani aliyekithibitisha. Kijana hakuwa na jawabu la kumtosheleza, akarudi na karatasi yake. Basi walitaka kujua kwetu: je, chuo kidogo chaweza kuwa na heshima yake chenyewe, au hakina budi kuazima heshima ya mkubwa milele? Na wazee wao waliouza walivyouza ili wao wasome, wamepata faida au wamepata hasara?

Tuliwaahidi kuwajibu katika ukurasa huu. Nasi tumeona jawabu lililo bora si la maneno matupu, bali ni la maisha ya mtu aliyetoa mali kwa ajili ya chuo kidogo katika mji wetu wa Mombasa, na yaliyokifika chuo hicho baada yake. Mtu huyo ni marehemu Sayyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Unguja.

Sayyid Khalifa alizaliwa Maskati mwaka 1879. Baba yake ni Sayyid Harub bin Thuwaini bin Said, kwa hiyo yeye ni kitukuu cha Sayyid Said bin Sultan, aliyeuhamishia Unguja ufalme wa Maskati. Alifika Unguja mwaka 1893, naye ni mvulana wa miaka kama 14, wakati ami yake Sayyid Hamad bin Thuwaini alipokalia kiti. Akakulia humo, akaifanya Unguja kuwa kwao, na lugha yake ikawa ni lugha yetu.

Mambo aliyoyaona katika ujana wake yalikuwa mazito. Tarehe 14 Disemba 1895 ami yake alitia sahihi mkataba wa kuwapa Waingereza utawala wa mwambao wa bara, ule ukanda wa maili 10 ambao Mombasa, Malindi na Lamu zimo ndani yake, kwa kodi ya pauni 11,000 kila mwaka. Nchi ilibaki kuwa ya Sultani kwa jina, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Mombasa, lakini amri ikawa ya mwengine. Mwaka wa pili, mwezi wa Agosti 1896, Sayyid Hamad akafariki. Sayyid Khalid bin Barghash akaingia jumbani pasipo idhini ya Waingereza, na tarehe 27 Agosti manowari zao zikalipiga jumba kwa mizinga. Vita havikutimiza hata saa moja, na watu kiasi ya 500 wakafa na kujeruhiwa. Kijana Khalifa alikuwa na miaka 17. Hapana shaka kuwa mtu aliyeyaona hayo katika umri huo hayasahau, na huenda ndiyo yaliyomfunza subira iliyojulikana kuwa ni tabia yake mpaka mwisho.

Baadaye alimwoa Bibi Matuka, binti wa Sayyid Hamoud bin Muhammad, Sultani aliyewekwa baada ya mizinga ile. Sayyid Hamoud alipofariki mwaka 1902 akafuata mwanawe, Sayyid Ali. Huyu naye alijiuzulu mwaka 1911 akiwa Ulaya, na mwezi wa Disemba mwaka huo huo shemeji yake, Sayyid Khalifa, akakalia kiti naye ana miaka 32. Alikaa juu yake karibu miaka 49, na hapana Sultani wa Unguja baada ya Sayyid Said aliyekaa muda mrefu kuliko huo.

Watu walimpenda, na hilo halikatai hata aliyeupinga utawala wake. Yeye mwenyewe alikuwa Ibadhi, na raia zake walio wengi walikuwa Mashafii. Walikuwako pia Mashia, Mabaniani na Wakristo. Mahakama zilikuwa na makadhi wa Kisunni na makadhi wa Kiibadhi, na wala hatukusikia kwamba aliifanya madhehebu yake kuwa fimbo ya kuwapigia wengine. Alihudhuria maulidi na maziko, akawaheshimu wanavyuoni.

Lakini tukisema kweli yote, tutasema kuwa ilikuwa ni heshima isiyokuwa na amri. Tangu mwaka 1913 mambo ya Unguja yalihamishiwa katika Wizara ya Makoloni ya Kiingereza, na Balozi ndiye aliyekuwa mwenye kauli. Lile jumba kubwa la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sayyid Barghash kuwa fahari ya ufalme, likawa ni maofisi ya serikali wanamokaa makarani na mafaili, na Sultani akakaa katika jumba la kando yake. Mizinga ilipigwa kwa kumtukuza, na sheria zilitoka kwa jina lake, ilhali shauri lilikuwa limekwisha katwa mahali pengine. Hatusemi haya kwa kumtoa makosa marehemu. Twayasema kwa kuwa kisa cha chuo tutakachokieleza sasa chafanana sana na kisa chake yeye mwenyewe.

Baada ya vita vikuu vya pili ilionekana wazi kuwa Waislamu wa Afrika Mashariki wamebaki nyuma katika elimu ya ufundi. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamishionari, na wazee wetu waliogopa kuwapeleka watoto huko, na khofu yao haikuwa bila ya sababu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alikuwa amekwisha piga kelele katika gazeti lake la Al-Islah kuwa Waislamu wasipojisomesha watakuwa watumwa wa waliosoma. Wakati huo Gavana wa Kenya alikuwa Sir Philip Mitchell, naye akakubali kuwa pafanywe chuo cha ufundi kwa ajili ya Waislamu. Ndipo Sayyid Khalifa akatoa mchango wa pauni 100,000, na Aga Khan akatoa, na jamaa ya Mabohora wakatoa, na Wizara ya Makoloni nayo ikatia fungu lake. Mwezi wa Mei 1948 ikatolewa hati ya kukianzisha chuo, kikaitwa Mombasa Institute of Muslim Education, na watu wakakifupisha wakakiita MIOME.

Wasomaji na wazingatie mchango huo. Pauni 100,000 za wakati ule zilikuwa kubwa kuliko kodi ya miaka 9 ya ukanda wa mwambao wote. Na aliyezitoa alikuwa Sunni si Sunni, Shia si Shia, bali ni Ibadhi, na waliotoa pamoja naye ni Maismailia na Mabohora, na wenye kufaidika zaidi walikuwa Mashafii. Madhehebu zilizokuwa hazisali pamoja ziliweza kutia fedha katika sanduku moja kwa ajili ya watoto. Leo twashindwa kukubaliana juu ya mwezi.

Majengo yakasimamishwa Tudor, karibu na maji ya hori, yenye matao na kuba, na msikiti wake ndani. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Walikusudiwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki yote, si wa Mombasa peke yao, wafundishwe kazi za mitambo, stima, useremala na mengineyo ya ufundi. Chuo kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa na jina. Hata Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin, ambaye ulimwengu mzima ulikuja kumjua, alifanya kazi hapo ya ukarani katika ujana wake kabla ya kwenda kusoma Uingereza.

Heshima ya chuo hujengwa namna hiyo. Haijengwi na ukubwa wa lango wala urefu wa jina. Hujengwa na fundi anayeitengeneza mashine ikaenda, kisha akaulizwa alisoma wapi, akajibu. Mafundi mia wa namna hiyo hukitosha chuo kuwa mashahidi, na fundi mmoja aliyepewa cheti bila ya kujua kazi huwatilia shaka wote mia.

Hata hivyo palikuwa na kasoro mbili, nazo ndizo zilizotuuma baadaye.

Ya kwanza ni yetu wenyewe. Tulikitaka chuo, kisha wengi wetu tukaona haya kuwapeleka watoto wetu. Kijana wa mjini alipenda kalamu kuliko nyundo, na meza ya karani forodhani ilionekana kuwa ni utukufu kuliko kiwanda. Wako wazee waliouliza vipi chuo kiitwe cha elimu ya Kiislamu, na mtoto arudi nyumbani na mikono yenye mafuta. Walisahau kuwa Nabii Daudi alifua chuma na Nabii Nuhu aliranda mbao. Mali iliyotolewa kwa ajili ya watu wasioitumia haikai ikawangojea.

Ya pili ni ya hati. Chuo kilianzishwa kwa hati ya serikali ya kikoloni, na fedha za wafadhili zikachanganyika na fedha za serikali. Wafadhili walikuwa na heshima ya kutajwa majina yao. Lakini kutajwa si kutawala. Lau mali ile ingefungwa kuwa wakfu, wenye sharti zilizoandikwa na wasimamizi waliotajwa na njia ya kuwarithisha wengine baada yao, basi ingekuwa na mwenyewe wa kuisemea siku ya haja. Sultani alikitolea chuo mfano wa kiti chake mwenyewe: heshima ikawa kwao, na amri ikawa kwa wengine.

Sayyid Khalifa alifariki tarehe 9 Oktoba 1960, naye ana miaka 81. Alifuata mwanawe, Sayyid Abdullah, ambaye hakudumu, akafariki mwaka 1963, na kiti kikawa cha mjukuu, Sayyid Jamshid. Mwaka huo Kenya ilikuwa inakaribia uhuru, na mambo ya ukanda wa mwambao yakawa hayana budi kuamuliwa. Mwezi wa Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Unguja, Muhammad Shamte, waliandikiana barua za ahadi, na Sultani akaacha dai lake juu ya mwambao. Katika barua hizo yaliahidiwa mambo matano: uhuru wa dini, kudumu kwa mahakama za makadhi, kuwekwa watawala Waislamu katika mahali palipo na Waislamu wengi, kufundishwa Kiarabu watoto wa Kiislamu na kusaidiwa shule zao za msingi za pwani, na kuheshimiwa hati za ardhi. Chuo cha Tudor hakimo katika matano hayo.

Mwenye kutaka kujua nguvu ya jambo lililoandikwa na atazame makadhi. Waliandikwa katika ahadi ile, wakaandikwa katika katiba ya uhuru, na wameandikwa tena katika katiba ya mwaka 2010, na juu ya ugomvi wote uliopita wangaliko. Chuo hakikuandikwa. Na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea mapinduzi Unguja, Sultani akakimbia, na yule ambaye angeweza kuuliza khabari za sadaka ya babu yake akawa hana tena pa kuulizia.

Mwaka 1966 jina likabadilishwa, kikawa Chuo cha Ufundi cha Mombasa, na mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic. Neno la Waislamu likaondoka katika jina lake. Milango ilikuwa imekwisha funguliwa kwa watu wa kila dini, na katika hilo sisi hatuna lawama. Nchi iliyopata uhuru haiwezi kuwafungia watoto wake mlango wa elimu kwa sababu ya dini zao, na mtoto wa Kigiriama au wa Kitaita akisoma kwa mali aliyoitoa Mwislamu, thawabu yake haipotei. Lawama yetu ni nyingine: sauti ilikwenda pamoja na jina. Wenye kuamua kisomeshwe nini, na nani aingie, na nani afundishe, hawakuhitaji tena kutuuliza, nasi hatukuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Chuo chenyewe hakikufa, kwa sababu kazi yake ilikuwa ya kweli. Mwaka 2007 kilipandishwa kikawa chuo kikuu kishiriki, chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja. Maana yake ni kuwa kilifundisha shahada, lakini shahada zenyewe zilikuwa chini ya jina la mlezi wake. Mwaka huo huo kilianzishwa cha Kilifi, Pwani, chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Vyote viwili vilikaa katika ulezi huo zaidi ya miaka 5, na mwezi wa Januari 2013 kila kimoja kikapewa hati yake, kikasimama peke yake. Kile cha Tudor ndicho kinachoitwa sasa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Na hapa ndipo tunapowarudia vijana wetu wa Kibera na Kawangware. Msione haya kuwa chuo chenu ki chini ya kingine. Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho leo mwakiona kama mlima, kilipokea wanafunzi wake mwaka 1956 kikiwa chuo cha ufundi. Mwaka 1961 kikawa chuo kikuu kishiriki, na wanafunzi wake wakapewa shahada za London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na haukufika uhuru wake ila mwaka 1970. Mtoto hushikwa mkono mpaka ajue kutembea, na hapana aibu ndani yake. Aibu ni kushikwa mkono bila ya kujifunza kutembea, kwa kuridhika na jina la mlezi, na kuacha kuwasahihisha wanafunzi kwa haki, na kuuza vyeti kwa wasiohudhuria. Chuo cha namna hiyo, hata kikipewa hati yake kesho, kitakuwa huru bila ya heshima, na uhuru wa hivyo hauna mnunuzi.

Na nyinyi wazee wa Kibera, jambo hili mwalijua kuliko sisi. Babu zenu Wanubi walipigana vita vya Waingereza, wakawekwa katika ardhi ile, na mwaka 1918 ikatangazwa rasmi kuwa ni ardhi ya askari, eka 4,197. Walipewa mahali pa kukaa, hawakupewa hati. Watoto wao wakaitwa wageni katika nyumba walizozaliwa, na haikupatikana hati ya jamaa ila mwaka 2017, nayo ni ya eka 288. Aliyeliona hilo hahitaji kufundishwa tofauti ya kupewa na kuandikiwa.

Basi kila jamaa inayotaka kusimamisha chuo, au kukitia nguvu kilichopo, na izingatie mambo matatu kabla ya kupaka chokaa ukutani. Kwanza, mali ifungwe wakfu kwa hati mbele ya sheria, na masharti yasomeke. Pili, wanaosimamia wawe na zamu na wahesabiwe kila mwaka mbele ya watu, ili chuo kisiwe cha mtu mmoja wala cha ukoo mmoja. Tatu, na hili ndilo kubwa, watoto wetu wenyewe wasome humo, na kati yao watoke walimu wa kufundisha humo, kwa sababu chuo kinachotegemea wanafunzi wa watu na walimu wa watu mwisho wake ni kuwa cha watu.

Kijana yule wa cheti, tulimwambia arudi kwa mwenye kazi na aombe kujaribiwa kwa kazi yenyewe, siku moja tu, bila ya malipo. Akiweza, atakuwa amekijengea chuo chake tofali moja. Asipoweza, basi na arudi chuoni akadai kufundishwa, kwani ni haki yake.

Ama marehemu Sayyid Khalifa bin Harub, alitoa alichoweza kutoa katika wakati ambao mkono wake ulikuwa umeshikwa, na jengo la Tudor lingaliko, na vijana waingia humo kila asubuhi, wengi wao hawajui kuwa jina lake limo katika msingi. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awalipe wema wote waliotoa pamoja naye, na atupe sisi akili ya kuandika tunachokitoa. Amin.